Fyuzi ya taa ya kioo ikikata, usiunge waya

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) huku Newala. Kioo cha laptopu yangu kilipoteza mwanga. Nikimulika tochi naona picha kwa mbali, na nikiiunga kwenye televisheni inafanya kazi vizuri. Fundi mmoja alikuta fyuzi imekata, akaunga waya juu yake. Kioo kikawaka siku mbili, siku ya tatu nafungua mfuniko ikatoka harufu ya kuungua, giza tena. Sasa naambiwa ninunue kioo kipya. Ninunue?

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Na usiiwashe tena, hata dakika moja, mpaka waya huo utolewe.

Tochi na televisheni zimeshaonyesha kwamba picha ipo na taa ya nyuma ya kioo ndiyo haiwaki, kwa hiyo huko sirudi. Linaloniuma ni huo waya. Laptopu za namna hii naletewa kila mara hapa Mtwara mjini, na nyingi zingepona kwa kazi ndogo kama zingeletwa kabla ya kuungwa waya.

Fyuzi hiyo ni ndogo kuliko chenga ya mchele, imekaa kwenye bodi karibu na konekta ya kebo ya kioo. Umeme wa taa unapita hapo, volti kati ya 7 na 20 kutegemea laptopu. Watu wanaiona imekata, wanadhani wameupata ugonjwa. Siyo ugonjwa! Imekata kwa sababu mbele yake kuna kitu kimevuta umeme kupita kiasi, na kuunga waya hakukiondoi. Ukishaweka waya hakuna tena cha kukata. Betri inasukuma umeme wote ilionao, na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayogeuka fyuzi: uzi mmoja wa kebo, mstari wa shaba kwenye bodi, au saketi ya kioo chenyewe. Mbaya zaidi, pini za umeme wa taa na pini za picha zimo kwenye konekta hiyo hiyo moja, na pini za picha zinaelekea kwenye prosesa. Volti 19 zikivukia huko, laptopu iliyokuwa inadai fyuzi tu inabaki kuwa ya kutolewa vipuri.

Kwa maelezo yako naishuku kebo. Imewaka siku mbili, imeungua wakati unafungua mfuniko. Nyaya za kebo hiyo ni nyembamba kama unywele, na zinapita kwenye bawaba. Ganda lake likisuguliwa, zinagusa chuma kila mfuniko unapokaa pembe fulani. Ukifunga kioo kipya kwenye kebo hiyo na waya huo, unaweza kuunguza na hicho kipya.

Fundi atakayeishika aanze kwa kuchomoa chaji na betri. Atoe waya, kisha apime kwa multimita (kipimo cha umeme) ukinzani kati ya upande wa fyuzi unaokwenda kwenye kioo na graundi (upande hasi wa umeme), huku akichezesha bawaba. Ikisoma karibu na sifuri kuna shoti, yaani umeme unavuka mahali usipotakiwa; achomoe kebo upande wa kioo apime tena. Shoti ikiondoka, mwenye kosa ni kioo. Ikibaki, achomoe na upande wa bodi: ikiondoka hapo ni kebo, ikiendelea kubaki ni kapasita (kijisehemu kinachohifadhi umeme) au kitu kingine kwenye bodi. Shoti ikishapatikana na kuondolewa ndipo afunge fyuzi mpya ya ampia zilezile za mwanzo. Taa ikikataa bado ilhali umeme unapita, apime ishara ya kuwasha taa, kwa kawaida volti 3.3. Kihisi cha mfuniko kikiharibika, laptopu hudhani imefungwa na kukinyima kioo ishara hiyo.

Laptopu za Shangani na Mikindani, karibu na bahari, nazikuta na kutu ya kijani kwenye konekta hiyo. Kwako Newala, juu mlimani, hilo silitilii shaka sana. Ila kuna kosa la mafundi lililo kila mahali: kuchomoa kebo ya kioo betri ikiwa bado imechomekwa. Kebo ikitoka kwa kupinda, pini zinagusana na fyuzi inakata papo hapo. Halafu huyo huyo anaunga waya. Wengine wanapuliza bodi nzima kwa hewa ya moto bila kupima chochote, kioo kikiwaka siku tatu wanasema wametengeneza. Anayetaka kushika chuma cha kulehemu kabla ya multimita, mnyang'anye laptopu yako.

Ukija huku njoo na kebo hiyo hata kama imeungua. Alama ya moto itanionyesha nyaya zipi zimegusana, na kama imekaa penye bawaba, kioo ulichonacho huenda bado ni kizima.