Taimingi ya pampu ya dizeli baada ya ovahoo: alama pekee hazitoshi

Nina Hilux ya injini ya dizeli ya 3L inabeba viazi kutoka Narok hadi soko la Marikiti, Nairobi, na mwaka jana injini ilifanyiwa ovahoo, pistoni mpya, ringi mpya, hedi ikapelekwa mashineni, pesa nyingi sana. Siku ya kuiwasha ikatoa moshi mweupe unaochoma macho, asubuhi za Julai nayo ilikuwa inakataa kushika kabisa hadi betri inaisha. Nikaambiwa ni injini mpya, itazoea. Wiki mbili nikapanda ule mlima wa Mai Mahiu kwa gia ya pili, nguvu hakuna, na bado nikaambiwa itazoea.

Haizoei. Moshi mweupe kama huo ni dizeli inapita bila kuchomeka, na kama kompresheni iko sawa na nozo zimepimwa, angalia taimingi ya pampu, yaani wakati pampu inapopeleka dizeli kwenye nozo.

Kwa 3L beliti ndiyo inazungusha kamshafti na pampu, alama za puli zinapangwa na watu wanafikiri kazi imeisha. Lakini pampu yenyewe imefungwa kwa nati kwenye matundu marefu, inaweza kulala huku ama kule na alama za puli zikabaki zimelingana vilevile. Yangu alama zote zilikuwa sawa kabisa!

Fundi mwingine ndiye alinionyesha, akiwa na geji ya mshale, ile inasoma hadi sehemu ya mia ya milimita. Kwanza hakikisha pistoni namba moja iko juu kwenye kompresheni na si kwenye egzosi, valvu zote mbili za namba moja zimefungwa na za namba nne ndio zinapokezana. Halafu toa bolti ya katikati nyuma ya pampu, pale kati ya paipu za nozo, ufunge geji hapo. Kama pampu yako ina ile wenzo ya kusaidia injini kuwaka ikiwa baridi, iachilie kabla ya kupima, maana injini ikiwa baridi inasukuma taimingi mbele na utapata namba ya uongo. Hapa wengi wanakosea.

Rudisha krenki nyuma polepole hadi mshale usisonge tena, weka sifuri, kisha zungusha mbele hadi alama ya pistoni namba moja kuwa juu na usome. Ukipitiliza usirudishe kidogo tu, rudi nyuma kabisa uanze upya kwa sababu beliti ina ulegevu wake. Linganisha na namba ya kitabu cha injini yako hasa, si ya jirani, hata injini ya 2L na ya 3L usizichanganye. Namba ikiwa ndogo umechelewa, ikiwa kubwa umewahi sana na utasikia injini inagonga kama nyundo. Kuwahisha unageuza mwili wa pampu kinyume na shafti yake inavyozunguka, ila legeza nati za paipu kwanza, zisipinde. Ukikaza nati za pampu PIMA TENA, kule kukaza kunaisogeza.

Yangu ilikuwa imepungua karibu robo ya milimita. Tukageuza, tukakaza, tukaweka washa mpya ya shaba kwenye ile bolti, tukapiga praima ya filta hadi hewa ikatoka, tukalegeza nati za nozo na kupiga stata (usiweke kidole hapo jamani, dizeli ya presha inapenya ngozi na hiyo ni hospitali moja kwa moja). Ikashika, moshi ukapungua hadi ukaisha.

Kama bado hujatoa pampu, chora mstari kwa msumari kutoka kwenye pampu hadi kwenye bodi inapofungiwa. Hauchukui nafasi ya kipimo cha geji, lakini utajua ilikuwa imelala wapi kabla haijaguswa na mtu.