Picha za rangi kwenye chumba cha giza: maswali yenu

Swali: Picha imetoka nyekundu mno. Nimepunguza filta za njano na majenta (waridi iliyokoza) kwenye mashine ya kukuzia, ikazidi kuwa nyekundu. Nakosea wapi?

Umekwenda kinyume. Karatasi ya rangi hupindua mambo kama negativu: mwanga wa buluu huzaa njano, wa kijani huzaa majenta, na mwekundu huzaa sayani, ile buluu yenye ukijani. Kwa hiyo rangi iliyozidi kwenye picha huondolewa kwa kuongeza filta ya rangi hiyohiyo. Nyekundu ni njano na majenta zikichanganyika, basi ongeza zote mbili kwa kiasi sawa. Kama ulikuwa njano 60 na majenta 45, nenda 70 na 55. Ikiwa ya buluu, punguza njano; ya kijani, punguza majenta; ya sayani, punguza zote mbili. Filta ya sayani iache kwenye 0: tatu zikikaa pamoja huziba mwanga tu.

Rangi inayoonekana kwa shida, badili kwa 5. Iliyo wazi, kwa 10. Inayokera macho, kwa 20. Ukiongeza majenta, ongeza na muda wa mwanga kidogo, maana picha itafifia. Njano karibu haigusi muda.

Lakini usiguse filta kabla picha haijakauka. Karatasi mbichi ina ukungu wa buluu kama maziwa yaliyotiwa maji, na wengi huusahihisha ukungu huo bure. Ikaushe kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha isogeze dirishani. Chini ya balbu ya manjano kila picha ni ya manjano.

Swali: Naweza kutumia taa nyekundu niliyonayo ya picha nyeusi na nyeupe?

Hapana. Karatasi hii inaona rangi zote, na taa nyekundu itaipaka sayani. Fanya kazi gizani kabisa hadi karatasi iwe ndani ya dramu, chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga, na mfuniko umefungwa. Baada ya hapo washa taa ufanye mengine ukiona.

Swali: Gizani nitajuaje upande wenye dawa?

Karatasi hujikunja kidogo kuelekea upande huo. Ukibaki na shaka, gusisha pembe moja kwenye mdomo wenye unyevu: upande wa dawa hunata.

Swali: Ukingo wa picha, ambao ungepaswa kuwa mweupe, una michirizi ya waridi. Nibadilishe filta?

Filta haziwezi kukusaidia hapo. Ukingo ulifunikwa na fremu, haukupata mwanga wa negativu, kwa hiyo rangi yoyote iliyopo imetoka kwenye dawa, kwenye karatasi yenyewe, au kwenye mwanga uliopenya. Sisi ukingo ndio huuangalia kwanza, kabla ya sura ya mtu aliye pichani.

Michirizi kwa kawaida ni divelopa (dawa ya kwanza, inayotokeza picha) iliyobaki kwenye karatasi ikakutana na bliksi (dawa inayofuata, inayoondoa fedha na kuifanya picha idumu). Weka dawa ya kusitisha katikati: siki nyeupe ya asilimia 5, kipimo 1 kwa vipimo 2 vya maji, sekunde 30. Kabla yake mwaga divelopa na uache dramu ichuruzike sekunde 10.

Kama rangi imetanda sawasawa, kata kipande gizani moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, kisafishe bila kukipitisha chini ya mashine ya kukuzia. Kikitoka cheupe, chumba chako kinavuja mwanga. Chunguza mlango na taa ndogo ya saa. Kikitoka na rangi, karatasi imezeeka au dawa imechafuka. Matone machache ya bliksi yanatosha kuiharibu divelopa, kwa hiyo kila dawa iwe na kikombe chake cha kupimia, na dramu ioshwe vizuri, pamoja na mfuniko, kabla ya picha inayofuata.

Swali: Ni lazima nifikishe joto la dawa nyuzi 35?

Kwa utaratibu wa kawaida wa RA-4, yaani ule wa kusafisha karatasi ya rangi, ndiyo: divelopa sekunde 45 kwenye nyuzi 35 za Selsiasi, kisha bliksi sekunde 45. Shida ni kwamba dramu baridi huinyonya dawa joto mara inapomiminwa. Tia kwanza maji ya moto kiasi, zungusha sekunde 30, mwaga, ndipo utie divelopa. Kwa karatasi ya sentimita 20 kwa 25, mililita 100 hutosha dramu nyingi.

Zipo pia divelopa zilizotengenezwa kwa joto la chumba, dakika 2 kwenye nyuzi zinazozidi 20. Kwa anayeanza tungependekeza hizo, kwa sababu sekunde 45 ni chache na sekunde 5 za kuhangaika na mfuniko zinaonekana kwenye picha. Divelopa ya nyuzi 35 ikitumiwa baridi inaweza kutoa vivuli vya rangi moja na sehemu angavu za rangi nyingine, na hapo ukirekebisha huku unaharibu kule.

Swali: Divelopa yangu imekuwa ya kahawia. Bado inafaa?

Imwage. Hewa ndiyo inayoiua, kwa hiyo gawa dawa mpya kwenye chupa ndogo zilizojaa hadi shingoni. Vaa glavu unapoigusa: divelopa ya rangi inaweza kukuletea mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki kirahisi.