Ukifunga laini mbili za intaneti, angalia paketi inatoka na anwani ya nani

Wadau mnaofunga mitandao ya ofisi ndogo na gesti, hili nakutana nalo sana hapa Tanga na linaniuma, maana mteja analipia laini mbili alafu intaneti inakua mbovu kuliko alipokua na moja. Kuna gesti Raskazone wana faiba na ruta ya simkadi, zote zinatoa IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti, mrithi wa IPv4), wageni wanalalamika tovuti hii inafunguka fasta ile inazunguka weee mpaka inakata. Ukipima kila laini peke yake, nzima kabisa.

Shida iko hivi. Kila kampuni inagawa anwani zake, so simu ya mgeni inakua na anwani mbili. Ikitumia ya simkadi alafu ruta yako ikaisukuma paketi (kipande cha data) kwenye faiba kwa sababu ndo njia kuu, kampuni ya faiba inaona anwani sio yake inaitupa kimya kimya. Na wako sahihi, uchujaji huo umeandikwa kwenye BCP 38, mwongozo wa kiufundi wa intaneti, toka mwaka 2000 kuzuia watu kughushi anwani, kwahiyo usimalize siku unagombana na huduma kwa wateja. Kwenye IPv4 huwa hulioni kirahisi, NAT (ruta kuweka anwani yake badala ya ile ya kifaa) inabadilisha anwani pale pale mlangoni.

Dawa ni ruta ichague njia kwa kuangalia paketi imetoka na anwani gani, sio inaenda wapi tu. Kwenye Linux kila laini ipe jedwali lake la njia, alafu weka sheria:

ip -6 rule add from 2001:db8:a:1::/64 table 100

Ya pili hivyo hivyo, table 200 (hizo 2001:db8 ni za mifano tu, weka zako). Hapa wengi wanakwama: njia za mtandao wa ndani lazima ziwemo kwenye majedwali yote mawili, la sivyo paketi ya kwenda printa iliyoko VLAN nyingine (kigawanyo kingine cha mtandao wako wa ndani) inatolewa nje kwa kampuni. OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) yenyewe inapanga hivi kwa IPv6, ukiandika ip -6 route utaona "default from", mi ndo naishauri kwa asiyetaka kuhangaika.

Pima kwa ping -I ukitaja anwani ya laini moja, kisha ya nyingine, zote zijibu. Pale gesti zilijibu, malalamiko yakaisha. Alafu chomoa faiba makusudi uone, ruta inatakiwa itangaze anwani za faiba kwa preferred lifetime (muda ambao anwani inapendelewa kutumika) sifuri ili simu ziache kuzitumia, isipofanya hivyo wageni watakwama wakati simkadi iko hewani.