Jibu: Nizisugue ndururu za zamani kabla ya kuziuza?

Kaka, umeuliza kama uzisugue zile ndururu za tundu (senti tano za enzi za ukoloni) ulizonunua soko la Gikomba, Nairobi, ndipo uziuze. Tafadhali usiziguse! Ile rangi ya kahawia iliyokolea ndiyo mkusanyaji anayoitafuta. Mimi nilipoanza nilisugua sarafu kumi kwa majivu na ndimu, zikang'aa kweli, lakini mnunuzi niliyempelekea pale mjini alizirudisha zote. Bado inaniuma. Kama zina udongo, ziloweke kwenye maji safi, kisha uzikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua.

Halafu chukua kioo cha kukuzia usome mwaka na jina la mfalme wa Uingereza. Za 1936 nyingine zina jina la Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo. Sarafu zenye jina lake huvutia watu, ila si adimu, kwa hiyo usidanganywe ulipe pesa nyingi. Tazama pia herufi ndogo: H au KN ni alama za viwanda vya Birmingham.

Shilingi za simba, yaani zile za zamani za Afrika Mashariki zenye picha ya simba, usiziuze kwa bei moja. Za 1921 hadi 1946 robo yake ni madini halisi ya fedha; kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu. Wauzaji wengi wa mitumba hawajui tofauti hiyo, na hapo ndipo faida yako ilipo. Lakini mzee akikuletea za babu yake, mwambie ukweli kuhusu madini ya fedha yaliyomo kabla hamjapatana bei.