Maswali ya Wasomaji: Mgombea mwenye hasira anafaa kukabidhiwa nchi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa. Siku za karibuni tulikuwa na mkutano wa hadhara Kibaigwa, si mbali na soko la mahindi, ambako mwanasiasa anayetajwa kuwania nafasi ya juu kabisa katika nchi alikuja kusalimia wananchi. Mzee mmoja mkulima alisimama akauliza ni lini lumbesa itakomeshwa, maana wanunuzi bado wanajaza gunia mpaka linaota kichwa huku bei ikibaki ya gunia moja. Mheshimiwa alimkatiza kabla hajamaliza, akasema mzee ametumwa, kisha akamnyang'anya kipaza sauti na kumtupia msaidizi wake. Mimi na shemeji yangu tulibishana hadi usiku. Yeye anasema nchi hii inataka mtu mkali, kwamba anayekasirika ndiye anayejali, na kwamba wapole ndio waliotuchelewesha. Mimi naona asiyeweza kuvumilia swali la gunia hataweza kuvumilia mambo ya nchi. Je, hasira za mgombea ni jambo la kuzingatia, au ni tabia yake binafsi isiyotuhusu?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Ndugu Mwalimu, zinatuhusu. Lakini nianze na shemeji yako, kwa sababu hoja yake ina nguvu kuliko unavyotaka kuikubali. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawaka. Mbele yake walikuwa vijana waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wakilalamikia kulitumikia taifa lililowasomesha, naye akatangaza papo hapo kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini nayo ikakatwa. Ghadhabu ile ilimgharimu mwenye nayo. Hata hivyo, wanafunzi karibu 400 walifukuzwa chuoni na kurudishwa makwao, na wengi wao walisubiri hadi mwaka uliofuata ndipo wakaruhusiwa kurejea masomoni. Shemeji yako akiitaja siku ile atakuwa na haki, na wewe ukiitaja utakuwa na haki vilevile.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa kuwa wasomaji wengi hudhani kwamba mahali fulani kuna kifungu kinachompima mgombea moyo wake. Hakuna. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka anayegombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 40, awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, awe na sifa za kuwa Mbunge au Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na asiwe ametiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Ukiongeza na wadhamini 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar, umemaliza. Sioni kwamba hiyo ni kasoro, kwa sababu sheria ambayo ingejaribu kupima upole wa mtu ingeishia kutumiwa kuwaengua watu wasiopendwa na wakubwa. Kazi hiyo imeachiwa vyama na wapiga kura. Vyama navyo huifanya faraghani: Julai 2015, hapa hapa Dodoma, chama tawala kilichuja majina ya makada zaidi ya 30 hadi yakabaki matano, kisha matatu, kisha moja, na yaliyosemwa ndani ya vikao kuhusu tabia za wale walioachwa hatukuyasikia sisi tuliokuwa tukisubiri nje.

Kifungu ambacho ningependa usome na shemeji yako kiko hatua chache nyuma ya hicho. Ibara ya 37, ibara ndogo ya (1), inasema kwamba katika kutekeleza kazi zake Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale anapotakiwa na Katiba au sheria kufanya hivyo. Fikiri maana yake. Huyu ndiye anayeteua mawaziri, makatibu wakuu na wakuu wa mikoa, na kwa tangazo fupi la usiku uteuzi unatenguliwa. Ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa anaishi au anakufa kwa uamuzi wake. Mshauri wa mtu wa namna hiyo hana silaha yoyote isipokuwa ulimi wake, na ulimi hufungwa upesi sana na woga. Kwa hiyo hasira za kiongozi zinapaswa kutuhangaisha hasa kwa sababu ya wale wanaomzunguka: waziri aliyekemewa mara mbili mbele ya wenzake kwa kuleta takwimu mbaya, mara ya tatu ataleta nzuri, ziwe za kweli au za kupikwa. Mahindi yatakuwa yameharibika ghalani na taarifa itasema akiba inatosha.

Ndiyo maana sikubaliani nawe pale unapoona kosa la yule mheshimiwa ni kukasirika. Wapo watu wenye damu moto waliojua kuitawala. Julai 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln alimwandikia jenerali wake, George Meade, barua ya uchungu mkubwa, akimlaumu kwa kuliacha jeshi la Kusini likaponyoka wakati, kwa maoni yake, lingeweza kumalizwa na vita vikaisha. Barua hiyo haikutumwa kamwe. Ilikutwa katika karatasi zake, imeandikwa kwenye bahasha kwamba haikutiwa saini wala kutumwa. Lincoln alikasirika kama mtu yeyote, ila jenerali wake aliendelea kupigana bila kubeba tusi la Amiri Jeshi Mkuu wake.

Marekani hiyohiyo imelijadili suali lako waziwazi. Seneta John McCain alipogombea urais mwaka 2008, hasira zake zilikuwa gumzo hata ndani ya chama chake. Seneta Thad Cochran, ambaye alikuwa chama kimoja naye, alisema hadharani mwezi Januari kwamba akimfikiria mtu huyo akiwa Rais mwili unamsisimka, ingawa baadaye alimuunga mkono. Kisha mwezi Oktoba, katika mkutano huko Minnesota, mama mmoja alisimama akasema hamwamini Barack Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alikipokea kipaza sauti kutoka kwake, akamjibu kwa adabu kwamba sivyo, kwamba mpinzani wake ni mtu mwungwana, mwenye familia, ambaye wanatofautiana kwenye mambo ya msingi tu. Umati ule ulikuwa wake, na ungemshangilia kama angeliacha neno lile lipite. Alishindwa uchaguzi, lakini ukiniuliza nani kati yake na mheshimiwa wenu wa Kibaigwa ana hasira zinazotisha, sitasita kujibu.

Maana angalia vizuri kilichotokea pale. Aliyenyang'anywa kipaza sauti ni mzee asiye na cheo, ambaye hawezi kumlipiza. Je, mwanasiasa huyo angemfanyia hivyo mwenyekiti wa chama chake, au mfanyabiashara anayefadhili kampeni? Kama hangethubutu, basi anao uwezo wa kujizuia, ila anachagua wa kumzuilia. Halafu lile neno "ametumwa". Kwangu hilo ni zito kuliko kile kipaza sauti kilichotupwa, kwa sababu linageuza swali kuwa hujuma na muulizaji kuwa adui. Lumbesa si jambo la kutungwa. Kila aliyewahi kupeleka mahindi sokoni anajua kilo ngapi hupotea juu ya mshono wa gunia. Anayeona fitina katika swali la namna hiyo atakapokuwa na vyombo vya dola mkononi ataona fitina katika ripoti ya ukaguzi pia.

Unaweza kuuliza utajuaje tabia ya mtu ambaye huonekana kwenu kwa saa mbili kila baada ya miaka mitano. Sisi wa Dodoma tuna bahati kidogo, kwani kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa Bunge la bajeti, waheshimiwa huishi kati yetu, na mji huu mdogo hauna siri. Muulize dereva anayemsubiri hadi saa nane za usiku. Muulize mhudumu wa mgahawa aliyemletea supu iliyopoa. Uliza makatibu muhtasi wangapi wamepita katika ofisi yake, na kama yupo msaidizi aliyewahi kumpinga ambaye bado yuko naye. Mimi huamini jibu la swali hili la mwisho kuliko hotuba kumi.

Jambo moja dogo, kabla sijamaliza. Mwanamume akigonga meza tunasema ana uchungu na nchi, lakini mwanamke akifanya hivyo tunasema ana mdomo. Ukiamua kupima hasira, Mwalimu, mpime kila mgombea kwa kipimo hichohicho.

SWALI: Je, kama tumekwisha kumchagua ndipo tukagundua kwamba hawezi kujizuia, Katiba inaturuhusu kumwondoa?
Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Wananchi moja kwa moja, hapana, wabunge, ndiyo, kwa shida. Ibara ya 46A inaruhusu Bunge kumshtaki Rais, miongoni mwa sababu nyingine, kwa mwenendo unaodhalilisha kiti cha urais, na hasira zilizopita kiasi zingeweza kuingia humo. Taarifa ya hoja lazima itiwe saini na wabunge wasiopungua asilimia 20, iungwe mkono na theluthi mbili, ichunguzwe na kamati maalumu ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, kisha irudi bungeni kutafuta theluthi mbili nyingine. Njia ya pili, katika Ibara ya 37, ni ya maradhi ya mwili au ya akili, ambapo Baraza la Mawaziri humwomba Jaji Mkuu aunde bodi ya wataalamu wasiopungua watatu. Ukali wa tabia si maradhi, na mawaziri ambao wangelazimika kuanzisha mchakato huo ni walewale wanaoweza kutenguliwa usiku ule wanapokaa kuujadili.