Mbona Marseille kila kona kuna Wakomoro?

SWALI: Shikamoo mhariri. Binamu yangu kahamia Marseille, anasema sokoni anasikia Kiarabu na Kikomoro kila kona, imekuaje wakati ni Ufaransa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mji wenyewe ulianzishwa na wageni, Wagiriki waliofika kwa meli miaka 600 hivi kabla ya Kristo, kwahiyo ugeni pale ndo asili yake. Karne ya 19 karanga za Senegal zikawa zinashushwa bandarini kukamuliwa mafuta, viwanda vya sabuni navyo vinataka vibarua, 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa meli zikazidi, Waitaliano wakajaa, baadae wakaja Waarmenia waliokimbia mauaji, na Algeria ilipopata uhuru 1962 watu toka huko walishuka Marseille maelfu kwa maelfu. Wakomoro wengi wa mwanzo walikuwa mabaharia, mtu anashuka melini, anapanga chumba jirani na bandari, anamwita mdogo wake, mdogo nae anaoa, leo wako makumi ya maelfu. Soprano yule rapa ni mtoto wao. Inaniuma sana watu wakiuita mji wa fujo tu. Mwambie binamu aende Noailles, mtaa wa soko pale katikati ya mji, asubuhi, muhogo na viungo atapata.