Maswali ya wasomaji: Pikipiki ya kununua kwa mtu, kadi kwanza

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Pongwe hapa Tanga, nafundisha mjini Chumbageni. Asubuhi nagombania daladala, nikikosa napanda bodaboda na mshahara unaishia barabarani. Sasa kuna kijana wa bodaboda hapa mtaani anauza Boxer 100, bei nzuri sana, ila anasema kadi ya usajili iko kwa bosi wake ataniletea nikimaliza kulipa. Sijawahi kuendesha, nataka nijifunzie hiyo hiyo halafu niwe naendea kazini. Na mimi navaa baibui. Nichukue?
Mwalimu, Pongwe

JIBU: Dada Mwalimu, salama kabisa. Hapo kwenye kadi ndo pana shida, naomba usitoe hata shilingi moja kwanza.

Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba au za mkopo, anampelekea mwenye pikipiki hela ya hesabu kila siku au kila wiki mpaka amalize ndo anakabidhiwa kadi. Kama huyu hajamaliza basi hiyo pikipiki bado sio yake, na wewe ukimpa hela unakuwa umenunua deni la mtu, siku mwenye mali akiifuata huna cha kumwonyesha. Simsemi vibaya kijana wa watu, inawezekana bosi anajua na amekubali, ila nenda mwenyewe kwa huyo bosi ukaione kadi orijino kwa macho yako, sio kopi wala picha ya kwenye simu. Jina kwenye kadi likiwa la bosi basi bosi ndo akuuzie na hela apokee yeye, wao watajuana.

Kadi ukiipata inamia pikipiki. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu pale usukani unapopitia, ya injini iko kwenye ubavu wa injini kwa chini, futa vumbi na grisi usome herufi moja moja ulinganishe na kadi. Ukikuta pamesuguliwa au pamegongwa upya achana nayo, hata kama bei inavutia vipi. Zikiwa sawa muandikishane mkataba wa mauziano kwa wakili na kopi za vitambulisho, kisha TRA (mamlaka ya mapato) mkabadilishe jina, na TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, uwe nayo. Usiache kadi ikakaa na jina la mtu mwingine, maana siku ukitaka kuiuza utaanza kumtafuta mtu ambaye ameshahamia Handeni na namba kabadilisha.

Sasa injini. Mwambie asiiwashe kabla hujafika, na ukifika shika injini kwa mkono (sio ekzosi, utaungua), ikiwa ya moto jua ameshaipasha maana pikipiki iliyochoka matatizo yake yanaonekana ikiwa baridi. Ipigwe kiki, iwake bila kusumbua sana, ukivuta mafuta angalia moshi. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka hata ikishapata moto ni oili inaungua ndani, ringi au sili za valvu zimekwisha, hapo ni kufungua injini. Mweusi ni petroli inazidi, mara nyingi kabureta au filta ya hewa, hiyo sio kesi kubwa. Tikisa tairi la nyuma kulia kushoto, likicheza ni bushi au beringi. Vuta cheni pale nyuma kabisa ya sproketi, ikinyanyuka meno yakaonekana imeisha. Boda la kazi linabeba abiria wawili na kiroba cha mkaa juu, kwa hiyo shokapu na spoku ziangalie kwa makini, na kwa vile tuko karibu na bahari angalia kutu chini ya tangi, chini ya siti na kwenye soketi za waya, pale rangi mpya haifiki. Kwa vile wewe huendeshi nenda na fundi wako, asiwe fundi wa muuzaji, aizungushe yeye: akiweka gia kubwa akavuta mafuta injini ikalia bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha.

Boxer 100 yenyewe kwa kujifunzia ni nzuri, nyepesi, haili mafuta na spea zake zimejaa Ngamiani.

Ila barabara yako inanipa wasiwasi dada. Kutoka Pongwe kuja mjini kuna mabasi ya mikoani na malori ya saruji, sio barabara ya kujifunzia. Chukua leseni ya kujifunza, tafuta mwalimu anayejua kufundisha na uwanja mtupu, kazi ya kwanza ni klachi tu, uiachie taratibu mpaka usikie inashika, urudie mpaka mkono uzoee. Halafu breki: ya mbele ndo inayosimamisha zaidi, ibane pole pole pamoja na ya nyuma, ila kwenye mchanga usiibane ghafla utaanguka. Lami kubwa baadaye, na ukianza toka mapema alfajiri ya Jumapili.

Baibui vaa tu, lakini suruali ndani, likunje ulibane kiunoni usilikalie nusu, na kava ya cheni isikosekane. Nguo ikiingia kwenye cheni inakuvuta na wewe, hili sio la kujaribu. Helmeti ifungwe kamba kila safari, hata ya kwenda dukani.

SWALI: Bro, mjomba ananiuzia Honda CG 125 ya zamani, kadi ina jina lake, washkaji wanasema nitafute TVS ya juzi juzi. Niko njia panda.
Kijana wa Makorora

JIBU: Mdogo wangu, kama fremu haijaoza chukua ya mjomba. CG ilitoka 1976, Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, valvu zake zinasukumwa na fito badala ya cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna cheni ya kulegea ukaanza kusikia kelele. Pikipiki nyingi za Kichina zimefuata injini hiyo hiyo ndo maana spea hazisumbui. Weka oili ya pikipiki, ya gari usiweke maana klachi inaogelea humo humo na itaanza kuteleza. Na kwa kuwa mjomba yupo na kadi ni yake, nendeni TRA wiki hii hii.